Kenny Washington: Gwiji aliyefunguliwa mlango jua likitua

ALASIRI ya Desemba 9, 1939, watu 103,303 walifurika katika uwanja wa Coliseum jijini Los Angeles, Marekani, kushuhudia vyuo vikuu viwili vya jiji hilo vikimenyana. Hakukuwa na mchezaji hata mmoja wa kulipwa uwanjani. Wote walikuwa wanafunzi. Hata hivyo, sekunde chache kabla ya mchuano kumalizika, mmoja wa wanafunzi hao alipotolewa nje, umati ulisimama kumshangilia, wakiwemo mashabiki wa timu pinzani.

Kijana huyo alikuwa Kenneth Stanley Washington, almaarufu Kenny. Alikuwa na umri wa miaka 21, alivalia jezi nambari 13, na hakuna mchezaji wa chuo kote nchini Marekani aliyekuwa amesogeza mpira yadi nyingi kumshinda msimu huo. Lakini alikuwa Mweusi. Kwa sababu hiyo moja ligi ya kulipwa ilimfungia mlango kwa zaidi ya miaka sita, na ulipofunguliwa hatimaye, magoti yake yalikuwa yameanza kumsaliti.

Wasomaji wengi wamesikia habari za Jackie Robinson, Mweusi aliyevunja ukuta wa ubaguzi katika ligi kuu ya besiboli ya Marekani mnamo 1947. Wachache wanafahamu kwamba Robinson alikuwa mwenzake Kenny katika timu iyo hiyo ya chuo, na kwamba Kenny alitia saini mkataba wa kuvunja ukuta kama huo katika kandanda ya Kimarekani zaidi ya mwaka mmoja kabla ya Robinson kuingia uwanjani katika ligi kuu ya besiboli. Mmoja akawa jina la dunia nzima. Mwingine akabaki kumbukumbu ya wazee wa Los Angeles.

Malezi

Kenny alizaliwa Los Angeles mnamo Agosti 31, 1918, miezi michache kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia kumalizika. Babake, Edgar Washington, aliyejulikana zaidi kwa jina Blue, alicheza besiboli katika timu za Weusi kisha akajitosa katika uigizaji wa filamu za Hollywood. Kazi zote mbili zilimfanya mtu wa safari nyingi na makao machache. Ulezi wa mtoto ukawaangukia nyanya yake, Susie, na ami yake, Rocky, ambaye alikuwa afisa wa polisi na akapanda hadi cheo cha luteni, wakati ambapo Weusi wenye cheo hicho walikuwa wa kuhesabika.

Alikulia mtaa wa Lincoln Heights, uliokaliwa zaidi na wahamiaji kutoka Italia. Watoto aliocheza nao walikuwa wa wafanyakazi maskini kama yeye, na mpira haukuuliza asili ya mtu. Katika shule ya upili ya Lincoln alitajika kwa besiboli na kandanda kwa pamoja, hivi kwamba ilikuwa vigumu kuamua ni mchezo upi aliouweza zaidi.

Mnamo 1936 alijiunga na Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, kinachofahamika kwa kifupi kama UCLA. Uamuzi huo haukuwa mdogo. Enzi hizo vyuo vya majimbo ya kusini havikumpokea Mweusi hata darasani, na vingi vya kaskazini vilivyompokea havikumruhusu uwanjani. UCLA, chuo kilichokuwa kichanga na chenye njaa ya ushindi, kilifungua lango lake mapema kuliko vingi.

Katika besiboli Kenny alitisha. Msimu wa 1937 aliupiga mpira kwa wastani wa .454, kiwango ambacho wachezaji wengi hukiona ndotoni tu. Wapo waliowatazama yeye na Robinson wakicheza mchezo huo chuoni, na hadi uzeeni walishikilia kwamba Kenny ndiye aliyekuwa bora.

Mchezo wenyewe

Kwa faida ya msomaji, kandanda ya Kimarekani si soka tuijuayo. Ina undugu na raga. Kila upande una wachezaji 11, na timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kuusogeza yadi 10. Ikishindwa, mpira huenda kwa wapinzani. Kuufikisha mpira ng'ambo ya mstari wa mwisho huleta alama sita. Kuupiga kwa mguu ukapita baina ya milingoti huleta alama tatu.

Siku hizo aliyeshambulia ndiye aliyelinda. Sheria za kubadilisha wachezaji zilikuwa kali, na mtu aliyetoka nje hakurejea upesi. Katika mfumo uliotumiwa na UCLA, mpira ulirushwa moja kwa moja kwa Kenny, naye akaamua kukimbia nao au kumrushia mwenzake aliyetangulia mbele. Alikuwa miguu na mikono ya timu kwa wakati mmoja.

Nguvu ya mkono wake ilidhihirika mnamo 1937 dhidi ya wapinzani wa jadi, Chuo Kikuu cha Southern California, USC. UCLA ilikuwa nyuma 19-0 na muda ulikuwa unayoyoma. Katika muda usiofika dakika moja Kenny alirusha mipira miwili iliyozaa mabao mawili, mmoja wa mipira hiyo ukisafiri angani zaidi ya yadi 60. USC iliponea chupuchupu kwa 19-13, na tangu siku hiyo hakuna mlinzi aliyethubutu kumpa Kenny nafasi ya kuinua mkono.

Msimu wa 1939

Msimu wa 1939 ulianza wiki chache tu baada ya Ujerumani kuivamia Poland na kuiwasha moto Ulaya. Marekani ilikuwa bado nje ya vita. Vijana wa vyuo walikuwa na misimu mitatu ya amani kabla ya kuitwa jeshini, ingawa hawakulijua hilo.

UCLA ilikuwa na kocha mpya, Edwin Horrell, na kikosi ambacho Marekani haikuwa imewahi kuona mfano wake. Katika timu kubwa ya chuo chenye wanafunzi wengi wa Kizungu walikuwemo Weusi wanne waliotegemewa: Kenny mwenyewe, Woody Strode, Ray Bartlett na mgeni wa msimu huo, Jackie Robinson. Vyuo vingi havikuwa na hata mmoja.

Kipute cha kwanza kilikuwa dhidi ya Texas Christian, mabingwa wa taifa wa 1938, waliotoka katika jimbo ambalo Mweusi na Mzungu hawakuruhusiwa kusoma pamoja. UCLA ilishinda 6-2. Ikafuata zamu ya Washington kulazwa 14-7, kisha sare ya 14-14 na Stanford. Montana ilichapwa 20-6, Oregon 16-6 na California 20-7.

Wapinzani walikabiliwa na kitendawili kigumu. Wakimkaba Kenny, Robinson alichomoka upande wa pili kwa kasi ya umeme. Wakimwandama Robinson, Kenny aliwararua katikati au akamtafuta Strode kwa mpira mrefu. Hata hivyo Kenny ndiye aliyebeba mzigo mzito zaidi, na ndiye aliyeumizwa zaidi. Alipoangushwa chini, wapo wapinzani waliomkanyaga au kumsugua chokaa ya mistari usoni. Alizoea kuinuka, kujipangusa na kurudi mahali pake bila kusema neno.

Novemba ilileta sare mbili, tasa dhidi ya Santa Clara na ya 13-13 dhidi ya Oregon State, kisha ushindi wa 24-7 dhidi ya Washington State. UCLA ikafika Desemba bila kushindwa. Ulibaki mtihani mmoja, USC, ambao pia hawakuwa wameshindwa. Mshindi angecheza Rose Bowl siku ya mwaka mpya, mechi ya heshima kuliko zote katika michezo ya vyuo.

Yadi nne

Mchuano huo uliofanyika Desemba 9 ulikuwa wa kukata na shoka. Mapema, mchezaji nyota wa USC, Grenny Lansdell, alikuwa amebakisha hatua chache afunge bao. Robinson akamvamia, mpira ukamponyoka, na Strode akaudaka. USC hawakupata nafasi nzuri kama hiyo tena.

Katika dakika za mwisho UCLA walianza safari kutoka karibu na mstari wao wenyewe. Kenny alikimbia, akarusha, akakimbia tena. Hatua kwa hatua mpira ulisogea hadi ukawa takriban yadi nne kutoka mstari wa USC. Majaribio matatu hayakuzaa matunda. Likabaki la nne.

Wachezaji walikusanyika. Kuupiga mpira kwa mguu kungeleta alama tatu, na katika mechi iliyokosa bao alama tatu zilikuwa ushindi na tiketi ya Rose Bowl. Inasimuliwa kwamba maoni yaligawanyika sawasawa, watano wakitaka mpira upigwe kwa mguu na watano wakitaka bao kamili. Kura ya mwisho ikawa ya Ned Mathews, aliyekuwa akiongoza mashambulizi. Aliamua mpira urushwe.

Kenny aliurusha. Mlinzi wa USC, Bobby Robertson, alinyoosha mkono na kuutibua. Mechi iliisha sare tasa. USC ndio walioenda Rose Bowl, ambako waliilaza Tennessee 14-0, timu ambayo haikuwa imefungwa hata alama moja msimu wote.

UCLA ilimaliza msimu kwa ushindi mara sita, sare nne na bila kupoteza. Kenny alikuwa amecheza dakika 580 kati ya 600 za msimu mzima. Kwa kukimbia na kurusha alikuwa ameisogezea timu yake yadi 1,370, idadi kubwa kuliko ya mchezaji mwingine yeyote nchini. Katika misimu yake mitatu alikimbia yadi 1,914, rekodi ya chuo iliyodumu kwa zaidi ya miaka 30.

Majina 200

Kuna jambo lililotendeka siku iyo hiyo ya Desemba 9 ambalo watu 103,303 pale Coliseum hawakuliona. Mjini Milwaukee, mbali upande wa kaskazini, wamiliki wa timu za ligi ya kulipwa ya NFL walikutana kugawana wachezaji waliokuwa wakimaliza chuo. Majina 200 yalitajwa siku hiyo. La Kenny Washington halikuwemo.

Haikuwa bahati mbaya. Weusi wachache walikuwa wamecheza katika ligi hiyo miaka ya 1920 na mwanzoni mwa miaka ya 1930. Wa mwisho, Joe Lillard na Ray Kemp, walicheza mnamo 1933. Tangu 1934 hadi 1945 hakuchezeshwa Mweusi hata mmoja. Hapakuwa na sheria iliyoandikwa. Palikuwa na maelewano ya kimyakimya, na maelewano ya aina hiyo ni magumu kuyavunja kuliko sheria, kwa kuwa hakuna anayekiri kuwa yapo.

Hata tuzo zilimkwepa. Katika uteuzi wa kikosi bora cha taifa, Kenny aliwekwa katika kikosi cha pili. Taji la Heisman, ambalo hupewa mchezaji bora wa vyuo, lilimwendea Nile Kinnick wa Chuo Kikuu cha Iowa. Kinnick alistahili heshima, na si vyema kumwonea wivu: mnamo Juni 1943, akiwa rubani wa jeshi la wanamaji, ndege yake ya mazoezi ilianguka baharini karibu na pwani ya Venezuela, na mwili wake haukupatikana. Alikuwa na miaka 24.

Agosti 1940 Kenny aliteuliwa katika kikosi cha nyota wa vyuo kilichopambana na mabingwa wa NFL, Green Bay Packers, mjini Chicago. Packers walishinda 45-28, lakini Kenny alifunga bao. Simulizi za wakati huo husema kwamba George Halas, mmiliki wa Chicago Bears, alimwomba asiondoke mjini upesi, akijaribu kuwashawishi wenzake wamkubali. Kenny alingoja. Kisha akaambiwa haiwezekani, akapanda gari moshi kurudi nyumbani.

Miaka iliyoliwa

Kilichofuata ni miaka ambayo mwanaspoti yeyote angeiita kilele cha maisha yake. Kenny aliitumia kwa kubangaiza. Aliwafunza wachezaji wa mwaka wa kwanza UCLA huku akikamilisha masomo, akaajiriwa katika idara ya polisi ya Los Angeles, na wikendi akachezea Hollywood Bears katika ligi ya Pwani ya Magharibi ambayo haikubagua. Aliigiza pia katika filamu, ikiwemo While Thousands Cheer ya 1940.

Mashabiki wa magharibi walimpenda na viwanja vilijaa. Lakini ligi hiyo ilikuwa ndogo, matibabu yalikuwa duni, na kila mpinzani alitaka sifa ya kumwangusha nyota mkubwa. Magoti yakaanza kuharibika. Alifanyiwa upasuaji mara kadhaa.

Shambulio la Pearl Harbor la Desemba 7, 1941 liliiingiza Marekani vitani. Robinson na Strode waliitwa jeshini. Kenny, ambaye magoti yake yalikuwa hayamtoshi, alizuru kambi za wanajeshi katika misafara ya kuwatia moyo. Vita vilipokwisha mnamo 1945, kijana wa miaka 21 aliyeshangiliwa pale Coliseum alikuwa mtu mzima wa miaka 27 mwenye magoti ya mzee.

Kodi na haki

Januari 1946 mabingwa wa NFL, Cleveland Rams, waliamua kuhamia Los Angeles na kuomba kutumia Coliseum. Hapo ndipo mwanahabari Mweusi, Halley Harding wa gazeti la Los Angeles Tribune, alipoikabili tume iliyosimamia uwanja. Hoja yake ilikuwa nyepesi. Uwanja ulijengwa na kutunzwa kwa kodi ya wananchi wote. Weusi walilipa kodi. Vipi basi utumiwe na timu isiyokubali Weusi?

Harding alieleza jinsi Weusi walivyokuwa sehemu ya ligi hiyo zamani na jinsi Kenny alivyonyimwa haki. Wakuu wa Rams walibanwa hadharani na hawakuwa na jibu. Wakatoa ahadi, nayo ikatimizwa. Mnamo Machi 21, 1946, Kenny Washington alitia saini mkataba. Wiki chache baadaye Strode naye akasajiliwa. Marufuku ya miaka 12 ilikuwa imefika tamati.

Inafaa kusisitizwa kwamba mlango huo haukufunguliwa na huruma ya matajiri. Ulifunguliwa na mwanahabari aliyejua mahali pa kubonyeza, na kodi ya watu wa kawaida.

Kenny alicheza Rams kwa misimu mitatu. Hakuwa tena yule wa 1939, lakini cheche zilikuwepo. Mnamo Novemba 1947, dhidi ya Chicago Cardinals, alipokea mpira karibu na mstari wa timu yake akakimbia yadi 92 hadi bao, mbio zilizowekwa katika vitabu vya rekodi za Rams kwa miongo mingi. Msimu huo alipata wastani wa yadi 7.4 kila aliposhika mpira na kukimbia, bora kuliko wote katika ligi. Wangapi walijiuliza siku hiyo angefanya nini akiwa na magoti ya 1940?

Alistaafu mwishoni mwa 1948, na jiji la Los Angeles likamtengea siku ya heshima papo hapo Coliseum. Mnamo 1950 alijaribu bahati yake na timu ya besiboli ya New York Giants, lakini umri ulikuwa umekwenda. Mwaka uo huo aliigiza katika filamu ya maisha ya Jackie Robinson, akiwa na nafasi ndogo pembeni ya rafiki yake aliyejiigiza mwenyewe. Mnamo 1956 aliingizwa katika ukumbi wa magwiji wa kandanda ya vyuo. UCLA ilikuwa tayari imeiondoa jezi nambari 13 katika matumizi kwa heshima yake, ya kwanza kufanyiwa hivyo chuoni humo.

Alifariki Los Angeles mnamo Juni 24, 1971 baada ya kuugua, akiwa na umri wa miaka 52. Robinson alimfuata Oktoba 1972, naye akiwa na miaka 53.

Uzi unaofika Nairobi

Habari hizi zaweza kuonekana za mbali kwa msomaji wa Kenya, lakini upo uzi unaotufikia. Mnamo 1959 Tom Mboya alipozunguka Marekani akitafuta nafasi za masomo kwa vijana wa Kenya, tatizo kubwa lilikuwa nauli. Vyuo vilikuwa tayari kuwapokea, lakini Wakenya wachache mno wangeweza kulipia ndege. Barua ya kuwaomba Wamarekani wachange ilitiwa saini na Weusi watatu mashuhuri: mwanamuziki Harry Belafonte, mwigizaji Sidney Poitier na Jackie Robinson. Septemba mwaka huo wanafunzi 81 waliondoka Nairobi kwa ndege. Safari zilizofuata ziliwabeba mamia zaidi, miongoni mwao Wangari Maathai, aliyeondoka mnamo 1960.

Robinson alikuwa ameona kwa macho yake jinsi kipaji kinavyooza mlango ukichelewa kufunguliwa. Alikuwa amesimama bega kwa bega na mchezaji bora wa taifa, kisha akamtazama akipanda gari moshi kurudi nyumbani mikono mitupu. Wale vijana 81 walifunguliwa mlango wangali vijana, nao wakarudi kuijenga nchi iliyokuwa karibu kupata uhuru.

Wahenga walinena kwamba mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Kenny Washington alipewa yake, ila kwa awamu, na nyingi ikafika akiwa amechoka. Historia inamkumbuka Robinson, na inafanya vyema. Lakini atakayetaka kuielewa thamani ya miaka sita katika maisha ya kijana mwenye kipaji, na aitazame mikimbio ya yadi 92 ya mtu mwenye magoti yaliyopasuliwa.